Fungueni kabati kwanza: yaliyonikuta na maktaba ya shule ya msingi, Old Moshi

Mwalimu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Unasema shule yenu huko Ngaramtoni, karibu na Arusha mjini, ilipata maboksi tisa ya vitabu, chumba mnacho, mwalimu mkuu hana kipingamizi, lakini tangu Januari watoto wanaingizwa mle mara moja kwa wiki, wanakaa kimya kipindi kizima, kengele ikilia wanatoka mbio. Unauliza mfanyeje wapende kusoma. Wachangiaji walionitangulia wamekushauri zulia, michoro ukutani, mfadhili wa kompyuta. Sigombani na mtu. Mimi nina swali moja tu: mtoto akikipenda kitabu siku ya Ijumaa, anaondoka nacho kwenda nyumbani, au kinabaki?

Nimeshika maktaba ya shule ya msingi huku Old Moshi, Kilimanjaro, kwa miaka tisa, mpaka nilipostaafu. Ukutubi sikusomea. Nilipewa kwa sababu siku ya kugawa majukumu nilikuwa nimetoka kwenda msalani, na wenzangu wakaona nafasi. Niliikuta hiyo "maktaba" ni kabati moja la bati kwenye ofisi ya taaluma, lina kufuli, ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko wilayani kikaoni. Nilipofanikiwa kulifungua nilikuta vitabu vya hadithi vizuri kabisa, vingine kurasa bado zimegandana kama vilivyotoka kiwandani. Vilikuwa na miaka minne mle ndani.

Usimlaumu haraka mwalimu mkuu. Kitabu kikiingia shuleni kinaandikwa kwenye leja. Akihamishwa kuna makabidhiano, wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wanahesabu. Kikipotea, jina lake ndilo linalotajwa. Kisiposomwa miaka minne, hakuna anayeulizwa kitu. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Ungefunga, tena ufunguo ungeulalia. Kwa hiyo kabla hujahangaika na watoto, mwondolee huyu mtu mzima hofu yake.

Sisi tulilipeleka suala kwenye kamati ya shule. Vitabu vya kiada tukaviacha palepale kwenye leja yake. Vya hadithi vilivyotolewa msaada tukavifungulia kaunta buku ya peke yake, na muhtasari wa kikao ukaandikwa wazi kwamba vitabu hivi vitakwenda majumbani, vitachakaa, vingine havitarudi, na kamati imeridhia. Mwenyekiti akasaini. Nilitoa kopi, nyingine nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Karatasi ile ndiyo iliyofungua maktaba. Michoro ukutani tulichora baadaye sana, na ilikuwa mibaya.

Tulianza na Darasa la Nne tu, Ijumaa mpaka Jumatatu. Vilitoka 38. Jumatatu vikarudi 35, viwili vikaja Jumatano, kimoja mpaka leo. Mvua za huku unazijua, na mtoto anatembea nusu saa akipandisha mlima katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya majumbani, kwa hiyo kila kitabu kilitoka kikiwa ndani ya mfuko. Zamani tulitumia ya plastiki, ilipopigwa marufuku Juni 2019 mama mmoja fundi cherehani akatukatia viroba vya mchele na kutushonea vifuko vyenye kamba. Bora zaidi, kwa kweli. Sandarusi maji hayapiti kirahisi.

Sasa kuna jambo lililotokea ambalo lilinibadilisha kichwa, na nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Kulikuwa na kijana wa Darasa la Nne anaishi na bibi yake. Kusoma kwake kulikuwa kwa kudonoa silabi. Alichukua kitabu kimoja chembamba, hadithi ya mtoto aliyepotelewa na mbuzi siku ya mnada. Jumatatu hakikurudi. Jumanne asubuhi tukiwa mstarini namwona bibi anakuja taratibu na fimbo yake, kitabu amekifunga kwenye kanga. Nikajua hapa pana kesi, labda kimeungua jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hiki kitabu chenu hakina mkia."

Sikuelewa. Akakifungua. Kilikuwa kinanuka moshi, ukurasa wa sita una duara la kikombe, na ule wa mwisho haupo, umechanika zamani hata kabla hakijatufikia. Bibi hajui kusoma. Mjukuu alikuwa anamsomea Kiswahili jioni motoni, halafu anamgeuzia kwa Kimochi, Kichaga cha huku, kila sentensi. Wamefika pale mtoto anasikia kengele ya mbuzi nyuma ya malori, basi, karatasi imekwisha. Bibi amelala siku tatu hajui. "Mbuzi kaonekana au hakuonekana? Huyu kijana ananidanganya, kila siku ananiambia jingine."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mle kabatini mlikuwa na mwalimu wa kusoma wa mtoto yule aliye bora kuliko mimi, na nilikuwa nimemfungia. Kijana anayedonoa silabi alikuwa amesoma kurasa kumi na nne siku tatu mfululizo, ametafsiri, na amebuni miisho mitatu kwa sababu msikilizaji wake hakubali kulala. Mtihani gani ungempa hiyo?

Mwisho wa hadithi sikuujua hata mimi. Tukawapa Darasa la Nne zima kazi: andikeni mkia. Mmoja akaandika mbuzi alikutwa Himo, ameshauzwa. Mwingine akamchinja kwenye matanga, na maelezo ya nyama ilivyogawanywa yalikuwa sahihi kabisa. Wa tatu, yule kijana mwenyewe, mbuzi alirudi peke yake usiku kwa sababu aliisikia sauti ya bibi. Tukaibandika yote mitatu nyuma ya kitabu kwa gundi. Toka siku hiyo kitabu kile hakikulala kabatini hata mara moja, na cha ajabu hakuna aliyekichana tena.

Makosa yangu pia uyajue. La kwanza, nilidai muhtasari. Ukirudisha kitabu, uniandikie nusu ukurasa. Ndani ya mwezi watoto wote wakawa wanagombania vile vyembamba vyenye sentensi moja kila ukurasa, na wengine wakaacha kabisa kukopa. Hata mimi ningeacha. Nani anasoma gazeti akijua ataandika insha? Nikaondoa. Siku hizi ningeuliza tu mlangoni, "Sehemu gani ilikukera?" Ukiuliza ilimfurahisha nini atakwambia "yote". Ukiuliza kero, anasimulia.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Msichana wa Darasa la Tatu alipoteza kitabu, nikamwambia alete shilingi 2,000. Hakuja shule siku tatu. Kwao hiyo hela haikuwepo, na aliogopa hata kuisema. Nilikwenda mwenyewe kumfuata. Kuanzia hapo anayepoteza analeta hadithi: amuulize babu, shangazi, jirani, aje aiandike kwenye daftari kubwa, na hilo daftari lina namba na linakopwa kama kitabu kingine. Hadithi za sungura na fisi, za mlima, za nyani shambani. Lilichakaa mpaka tukalishona na uzi wa fundi viatu.

Kuhusu hayo maboksi yenu. Kama ni kama yetu, nusu ni Kiingereza cha watoto wa Ulaya, theluji na mbwa anayelala kitandani. Usivitupe, ila usivitangulize. Mtoto wa shule ya Kiswahili anaijenga mbio ya kusoma kwa lugha anayoielewa, Kiingereza kinafuata. Vya Kiswahili havipatikani kwa wingi kama tunavyotaka, lakini vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuchapwa na kusambazwa kwa vitabu vya hadithi tangu 1991, kwa hiyo kagua kwanza stoo na makabati ya shule jirani, unaweza kukuta hazina imekaa na panya. Halafu kuna tovuti ya African Storybook, ina hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, na leseni yake inaruhusu kuchapa bila kulipa mtu. Mimi nilikuwa napakua kwa simu, naenda nazo stesheneri mjini, natoa nyeusi-nyeupe, nakunja na kupiga pini katikati. Watoto wanapaka rangi wenyewe. Ukikuta "kiamsha kinywa" usishtuke, ndivyo majirani zetu wa Kenya wanavyoita kifungua kinywa. Wangu walilifurahia hilo neno kuliko hadithi yenyewe.

Mpangilio usikuumize kichwa. Pale Arusha mjini mna Maktaba ya Mkoa, nenda uone wanavyopanga, lakini usirudi na mfumo wa namba kwa vitabu mia tatu. Mimi nilitumia rangi ya kucha: nukta nyekundu kwenye mgongo wa kitabu kwa wanaoanza, bluu kwa wanaoserereka, isiyo na nukta kwa mabingwa. Haibanduki kama soletepu. Na vitabu visipangwe migongo nje. Mtoto hachagui mgongo, anachagua picha ya jalada. Funga kamba ukutani, vining'inize kwa vibanio vya nguo.

Ila nukta hizo zilinizalia tatizo. Darasa la Sita na la Saba wapo wasiojua kusoma vizuri, sote tunajua, na kijana mwenye ndevu zinazoanza hawezi kuonekana na nukta nyekundu. Tukatangaza kwamba wakubwa wanatakiwa kuchukua vya nukta nyekundu ili wawasomee wadogo zao nyumbani, ni kazi ya shule. Wakavichukua kwa vifua mbele. Kama mdogo alisomewa au la sikufuatilia, haikuwa shabaha yangu. Mmoja hakuwa na mdogo wake, nikajifanya sijui.

Na usome kwa sauti. Dakika kumi baada ya uji, wewe mwenyewe, kwa sauti ya fisi kama ni fisi. Ukifika patamu, funga kitabu, kiweke mezani, toka nje. Usiseme "kesho tutaendelea". Acha wakitazame. Nilikuwa nikirudi nakuta kaunta buku ina majina manane yanagombania kitabu kimoja, moja limefutwa na jingine kuandikwa juu.

Viranja wa maktaba wawe watoto, tena usichague wanaoongoza mtihani peke yao. Wangu bora kuliko wote alikuwa mtoro sugu. Tulimpa ufunguo, akawa anafika kabla ya mwalimu wa zamu.

Mwisho, mchwa na unyevu. Kabati lisigusane na ukuta, miguu uisimamishe kwenye makopo yenye oili chafu, na mwezi wa Aprili na Mei jua likichomoza hata saa moja, toa vitabu nje. Umeuliza pia zile ensaiklopidia za Kiingereza za zamani, nzito, hazikopwi na mtu, mfanye nini. Zetu zilikuwa ishirini na mbili. Ukishapaka gundi ya mbao kwenye jalada lililong'oka, linahitaji kukandamizwa usiku kucha, na matofali yanaacha vumbi. Hizo zinakandamiza vizuri sana.