Chumba cha rangi sasa ni cha mtoto

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mchoraji, nachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Nina mtoto wa kwanza, wa miezi mitano, na chumba changu cha kazi kimekuwa chake. Akilala naketi na brashi, lakini mkono hautaki. Hata michoro yangu ya zamani naiona haina ladha. Mume wangu husema, "Pumzika, mtoto kwanza," lakini wateja wa Kampala wananipigia simu. Je, kipaji kimeniondoka?*
*Mama Kichanga, Walukuba, Jinja*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi.

Barua yako nzima hukutaja usingizi hata mara moja. Anayeamka mara tatu nne usiku kunyonyesha, asubuhi ataona rangi zote ni kijivu. Mwanamke aliyeajiriwa, sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na analipwa. Wewe uliyejiajiri hakuna aliyekupa hata moja, ukaanza kujilazimisha kuchora ungali na maumivu.

Mti wa mutuba waujua kuliko mimi. Ukibanduliwa gome la lubugo, hufungwa majani ya mgomba, kisha huachwa mpaka uvae gome jipya. Sijasikia mtu akiukaripia kwa kuwa uchi mwezi wa pili.

Hilo la michoro ya zamani kukosa ladha, mimi halinitishi. Nilipopata kifungua mimba wangu niliacha kuandika miezi saba, na niliporudi sikuweza tena kuandika yale ya mwanzo. Nililia sana. Baadaye nikaona nilikuwa naandika kuhusu mikono ya mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Basi usijilazimishe kumaliza kazi za mwaka jana. Weka daftari na mkaa karibu na unaponyonyeshea, uchore kile jicho linachorudia: sikio lake, beseni la nepi, chochote. Dakika kumi zatosha.

Chumba mwachie mtoto, hasa kama unatumia tapentaini ya kuyeyushia rangi, maana mvuke wake haumfai. Hamia barazani. Shule ya sanaa ya Makerere yenyewe ilianzia barazani kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyeianzisha, mwaka 1937.

Mumeo ana nia njema, lakini "pumzika" bila kumbeba mtoto ni maneno matupu. Mwombe saa moja kila jioni, ile ile, aondoke naye hadi kwa jirani ili usisikie kilio.

Ila nisikilize kwa makini. Kama huzuni imekukaa zaidi ya wiki mbili, hutaki kula, au humwonei mtoto raha, nenda kituo cha afya umweleze mkunga wazi. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Wateja wa Kampala wape tarehe ya mbali, kisha iongezee mwezi.