Fundi wako na mjomba wako: barua kwa mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, goti langu tu ndilo linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu nitalia na wewe utakata kwa kunihurumia.

Unasema kuna fundi umemwajiri hapo gereji Dodoma, mkono wake mwepesi kuliko wote, ila kila siku anafika saa nne kwa sababu anapitia kwanza kliniki ya Itega kunywa methadoni, dawa wanayopewa walionaswa na unga, yaani heroini, ili waweze kuuacha. Wenzake wamejua, sasa wanamwita teja mbele ya wateja. Mmoja kasema kliniki yenyewe iko chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, basi huyo ni mwendawazimu. Mwingine kabisha: mwendawazimu wapi, huyo alijitakia mwenyewe. Ukaniuliza, "Mama, uteja ni ugonjwa wa akili au mtu anachagua?"

Nilijua huniulizi habari ya fundi peke yake. Ulikuwa darasa la tano baiskeli ya marehemu babu yako ilipopotea, na sikuwahi kukwambia ilikwenda wapi.

Ilikwenda Makorora. Mjomba wako aliiuza, hela ikaishia kwenye kete za unga. Nilimfuata aliyeinunua nikaikomboa kwa elfu ishirini, nikarudi nayo naisukuma kwa kuwa mnyororo ulikuwa umekatika, barabara nzima inaniangalia. Nilimkuta mjomba wako barazani. Nikasimama hapo na majirani wanasikia, nikamwambia: umechagua unga, ukamwacha baba yako aliyekuzaa. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango kwa komeo.

Alfajiri nilipofungua nilimkuta amejikunja kwenye jamvi. Anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka kama mtu aliyekata vitunguu gunia zima. Ngozi ya mikono imemsisimka vipele vipele, ilhali joto la Tanga unalijua. Miguu inarusha mateke yenyewe. Alikuwa amejichafua, na alichoniomba ni kimoja tu: "Dada, nikalie miguu." Nikamkalia. Miaka mingi nimesimama ubaoni nachora neva na ubongo, nafundisha watoto wa watu, na asubuhi ile sikujua ninachokitazama.

Ile ndiyo arosto, mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa. Mwili wetu una dawa yake ya kutuliza maumivu, unaitengeneza wenyewe, na unga huingia ubongoni ukakaa kwenye kiti kilekile. Ukikaa hapo siku nyingi, mwili unajipanga upya kwa kuutegemea. Tumbo la anayebwia hufunga, mboni za macho husinyaa, kila kitu hupoa. Unga ukiisha mwilini, na huisha baada ya saa chache tu, vyote vilivyobanwa hufumuka kwa pamoja. Hakuna aliyechagua kile nilichokiona kwenye jamvi.

Lakini subiri kwanza, usikimbilie kunikubali. Arosto hupanda siku ya pili na ya tatu, na wiki ikiisha kwa kawaida imekwisha kutulia. Ingekuwa ugonjwa wenyewe ndio huo, ningemfungia chumbani siku kumi, nikampikia uji, hadithi ikaisha. Alikwenda soba, nyumba wanakokaa wanaoacha unga, akakaa miezi mitatu. Alirudi na mashavu, anaswali, anacheka. Siku ya tano akapita kwenye kona ya kijiwe chao cha zamani, akasikia mtu anawasha kiberiti. Ananiambia ni kiberiti tu. Jioni alikuwa amebwia tena, amezima.

Hapo ndipo wataalamu wanapoingiza neno akili. Shirika la Afya Duniani linauweka uraibu katika orodha ya maradhi ya akili na ya tabia, na mwaka 1997 Alan Leshner, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, aliandika wazi kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Kiu ile haikai tumboni. Imejiandika kwenye kumbukumbu, na kinachoiamsha kinaweza kuwa kona, harufu, au rafiki. Kwa hiyo huyo aliyewaambia habari ya Mirembe hakukosea jengo. Kakosea kudhani kwamba kila anayetibiwa akili ni mwendawazimu.

Na upande wa pili nao una haki yake. Siku tulipomzika bibi yako, mjomba wako alikaa tangu alfajiri hadi alasiri hajagusa kitu. Alibeba jeneza, akaingia kaburini, akampokea mama yake kwa mikono miwili. Tulipotawanyika tu, akatoweka. Mama yako mkubwa akanigeuzia macho: "Umeona? Anaweza. Ni kiburi tu." Nami nilikubaliana naye. Baadaye nikawafikiria wazamia pweza wetu. Mzamiaji huchagua aibane pumzi mpaka lini, hachagui kuishi bila kupumua.

Mfano wangu huo hata hivyo unavuja, maana watu huacha unga. Mwaka 1971 wanajeshi wa Marekani walikuwa wakirudi kutoka Vietnam, na mtafiti Lee Robins alipowafuatilia alikuta kama mmoja katika kila watano alikuwa mraibu kule vitani. Walipofika makwao, wengi wao waliacha, na wengi hao bila tiba yoyote. Kiwanja kilibadilika, marafiki wakabadilika, kazi na wake wakawapokea. Sisi mjomba wako tulikuwa tukimtoa soba na kumrudisha barabara ileile, kwenye baraza ileile, unga uko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Pwani hii imekaa kwenye njia. Kwa miaka mingi unga umetoka Afghanistan, ukapakiwa majahazini pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ukavuka bahari ileile ya Hindi iliyotuletea tende.

Sasa nikwambie kosa langu, ndiyo hasa sababu ya barua hii. Usiku wa baiskeli alikuwa mgonjwa, nami nikamhukumu kama mtu mwenye hiari. Aliporudi soba na mashavu yake, hapo hiari alikuwa nayo, hata kama ni kidogo, nami nikamfanya mgonjwa. Nikampa hela ya simu bila kumuuliza. Sikumtuma sokoni, sikumwambia alipe hata umeme, sikumkataza kijiwe. Nikasema asisumbuliwe, maskini. Nilikuwa na majibu yote mawili, nikayatoa kwa siku zisizo zake. Naona hata serikali inayumba hivyohivyo: Sheria ya mwaka 2015 inamfanya anayekutwa na kete kuwa mhalifu, na serikali hiyohiyo inamnywesha methadoni bure.

Aliyemtoa shimoni si mimi. Muhimbili walianza methadoni mwaka 2011, chini ya idara yao ya magonjwa ya akili, na Tanga wakati huo hatukuwa nayo. Dawa ile ilikuwa ikinywewa kila siku mbele ya muuguzi, kwa hiyo ilimbidi ahamie Dar, alale kwa rafiki Temeke. Siku moja nilimsindikiza. Foleni dirishani, jina, kikombe kidogo, anameza, muuguzi anamsemesha kusudi ahakikishe kinywani hakuna kitu. Dakika mbili. Sikuona ulevi, niliona mtu aliyeamka gizani akapanda daladala mbili kufuata kikombe. Kikombe ni cha mgonjwa, na zile daladala mbili alizipanda kwa kupenda kwake. Siku hizi kliniki ipo hapa hospitali ya Bombo, amerudi nyumbani, anatengeneza baiskeli.

Kwa hiyo huyo fundi wako usimwambie aruke kliniki hata siku moja ili awahi gari la mkubwa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi yake inabidi waipange upya, na hizo ndizo siku ambazo pusha, muuza unga, humkumbuka mtu. Afike saa nne, afidie jioni. Lakini akiharibu gia boksi, akatwe mshahara kama wenzake wanavyokatwa. Na hilo neno teja lisisikike tena hapo gereji, wewe ndiye mwenye gereji.

Jana mjomba wako alipita kunywa chai akitoka Bombo, nikamuuliza swali lako. Alicheka mpaka akatia chai kwenye kisahani. Kasema: "Mwambie mjomba, siku ile mimi nilichagua sigara ya bure. Kwamba ndani mna unga, sikuulizwa." Ilikuwa kokteli, sigara iliyochanganywa na unga, na alikuwa na miaka kumi na saba.

Halafu akauliza huyo fundi anakwendaje Itega, kwa daladala au kwa miguu. Ana fremu moja kuukuu ya baiskeli anaitengeneza, imebaki kutiwa breki. Nijibu upesi, maana anataka kuipakia kwenye basi la Jumamosi.

Mama yako