Maswali na majibu: Tumbo baada ya miaka sitini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazee, au kwa watoto wao, na karibu zote zinahusu tumbo. Nimefurahi. Mtu akifika miaka sitini huona haya kutaja choo mbele ya watoto wake, na sisi wa kliniki nasi tunapima presha na sukari, tunamwambia arudi mwezi ujao, tumbo halikuulizwa. Basi leo tuulizane.

Nina miaka 71. Tangu nistaafu naenda choo kubwa mara tatu kwa wiki, wakati mwingine mbili. Mke wangu asema mtu mzima sharti aende kila siku. Je, mimi ni mgonjwa? – Mzee, Umoja

Mzee wangu, mwambie mama asisumbuke na hesabu. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, yote ni kawaida. Ninalotaka kujua ni hili: unajikamua hadi jasho likutoke? Choo kinatoka vigololi vikavu kama vya mbuzi? Unainuka ukihisi kuna kilichobaki? Hapo ndipo tunasema umefunga choo, hata kama unaenda kila asubuhi.

Utumbo mpana husukuma uchafu kwa misuli yake, na umri ukisonga misuli hiyo hupunguza mwendo. Uchafu ukikawia, utumbo unaendelea kunyonya maji yaliyomo, ndipo choo kinakuwa kigumu. Isitoshe, kiu ya mzee si ya kuaminika: mwili unaweza kuwa umekauka na koo lisikwambie lolote. Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa kikombe ukiamka, kimoja na kila mlo, na vingine katikati. Chai na uji vimo katika hesabu. Aliyepimiwa maji na daktari kwa sababu ya moyo au figo afuate kipimo chake.

Ulipokuwa kazini ulitembea hadi steji na kupanda ngazi za ofisi. Siku hizi unatoka kitandani hadi kwenye kiti cha sebuleni. Tembea nusu saa kila siku, hata kama ni kuzunguka mtaa tu.

Halafu choo chenyewe. Baada ya staftahi, tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao huamshwa. Kaa chooni wakati huo, bila haraka na bila simu. Kama choo chenu ni cha kukaa, weka kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yawe juu kuliko nyonga, uiname kidogo mbele na viwiko uviegemeze kwenye mapaja. Ukikaa hivyo, njia ya haja inanyooka. Wenye vyoo vya kuchuchumaa wanakaa hivyo tayari, mradi magoti yawaruhusu na pawe na kitu imara cha kushika wakati wa kuinuka.

Muuzaji mmoja amenishauri ninunue mkebe wa unga wa nyuzinyuzi kutoka ng'ambo. Ni wa bei ya juu. Ninunue? – Mwalimu mstaafu, Buruburu

Hapana, Mwalimu. Pesa hizo zipeleke Marikiti.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva huleta karibu nusu ya hizo gramu 25. Gramu mia moja za mapera huleta takriban gramu 5. Ongeza nduma au kiazi kitamu kwenye chai ya asubuhi mahali pa mkate mweupe, na managu, terere au kunde jioni, umefika.

Ugali ndio unaotuangusha. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa kapi na kiini. Sheria inataka uongezwe vitamini na madini, na huongezwa, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Unga wa kisiagi usiokobolewa unabaki nazo, na ukichanganya na wimbi au mtama ni bora zaidi. Ila mahindi hayo yawe makavu kabisa, yasiwe na hata alama ya kuvu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Haya mambo si mageni kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba wanakijiji waliokula vyakula visivyokobolewa hawakusumbuliwa na kufunga choo, bawasiri na magonjwa mengine ya utumbo kama watu wa kwao. Katika miaka ya 1970 aliishikilia hoja hiyo hadi ulimwengu wa tiba ukaanza kumsikiliza. Kisha mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya utafiti ninaoupenda sana. Wamarekani weusi 20 wa umri wa makamo walilishwa chakula cha kijijini cha Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, na Waafrika Kusini 20 wakalishwa cha Kimarekani. Ilikuwa ni wiki mbili tu. Dalili za uvimbe ndani ya utumbo wa Wamarekani zilishuka. Za Waafrika Kusini zikapanda. Nikiambiwa na mtu wa miaka 70 kwamba amechelewa, huwa namtajia hizo wiki mbili.

Meno yakiwa hayapo, usikimbilie mkate na chai. Maharagwe yanapondwa, mukimo ni laini, uji wa wimbi hauhitaji jino, na papai lililoiva linaliwa kwa kijiko. Ongeza vyakula hivi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji yaongezeke pia, la sivyo tumbo litajaa gesi na utanilaumu mimi.

Napenda githeri lakini usiku tumbo linanguruma na gesi inanitesa. Natumia magadi kulainisha. Niache githeri? – Shosho, Kangemi

Shosho, githeri usiiache. Acha magadi.

Gesi inatokana na sukari fulani zilizo ndani ya maharagwe ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, wanatoa hewa. Loweka maharagwe usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, suuza, kisha uchemshe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hizo inaondoka na maji ya kuloweka. Anza na kibakuli kidogo mara tatu kwa wiki. Bakteria wa tumboni huzoea, na baada ya wiki kadhaa gesi hupungua. Ndengu kwa wengi huwa na gesi kidogo kuliko maharagwe, na njahi zilizopondwa vizuri pia zinavumilika.

Magadi yanalainisha kweli, nami najua mkaa na gesi vilivyopanda bei. Lakini magadi ni chumvi ya sodiamu. Ile chembe unayodondosha sufuriani, mwenye presha anaimeza pamoja na chumvi ya mezani bila kujua ameongeza. Tena yanaharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya maharagwe. Maharagwe yaliyolowekwa huiva mapema bila magadi.

Miaka 63, natafuna miraa kila jioni na wenzangu. Choo kigumu kama mawe. Kuna uhusiano? – Eastleigh

Upo. Miraa inapunguza mwendo wa utumbo na kukata hamu ya kula, kwa hiyo unalala bila chakula cha maana tumboni. Punguza, kula kwanza, na usindikize kwa maji badala ya soda. Ila ningependa uache.

Mwanangu ameniletea chupa ya dawa ya kusafisha utumbo aliyouziwa ndani ya matatu. Inasemekana inatoa uchafu wa miaka ishirini. Ninywe? – Mama, Kariobangi

Usinywe, Mama. Nakuomba.

Hakuna uchafu wa miaka ishirini tumboni mwa mtu. Ngozi laini ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache, na kila kilichoshikamana nayo kinatoka pamoja nayo. Unachokiona chooni baada ya kunywa dawa hizo ni maji na chumvi za mwili wako mwenyewe, pamoja na chakula cha jana. Unachohitaji kubaki nacho ndicho kinachotoka.

Nyingi za dawa hizo zina utomvu wa shubiri, sena au kitu kingine cha kuharisha kwa nguvu. Kijana akiharisha siku moja ananyanyuka. Mtu wa miaka 68 anayemeza dawa ya presha ya kukojoza anapoteza maji na potasiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Miguu inalegea, moyo unapiga ovyo, usiku anaamka kwenda choo anaanguka na kuvunja nyonga. Dawa zake za kawaida nazo zinapita na kutoka kabla hazijafanya kazi. Figo zikiwa tayari zina udhaifu, zinaweza kufeli. Wanaouza chupa hizi hawawaoni watu hawa wakiletwa wodini. Sisi tunawaona, ndiyo maana naandika kwa uchungu.

Ukihitaji msaada wa kweli, kuna isabgol, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, yanayouzwa katika maduka ya dawa na katika maduka ya Kihindi kule Ngara. Kijiko kimoja ndani ya glasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla hakijaganda, kisha glasi nyingine ya maji. Iwe mbali na dawa zako nyingine kwa saa mbili. Mwenye shida ya kumeza asiitumie.

Nina presha, sukari na magoti mabovu. Dawa ni nyingi. Siku nyingine nafunga choo, nyingine naharisha. – Mama, Dagoretti

Mama, mwaga mkoba wote mezani. Wa hospitali, wa duka la dawa, wa mganga, na zile tembe alizokugawia jirani.

Sasa tuangalie. Tembe za kuongeza damu, zenye madini ya chuma, hufunga choo na kukifanya cheusi. Amlodipini ya presha huwafungia choo baadhi ya watu. Tramadoli na kodeini za maumivu huwafungia choo watu wengi, na amitriptilini inayopewa wenye ganzi na maumivu ya neva pia hufunga. Metformini ya sukari huharisha, hasa ikimezwa kabla ya kula. Imeze pamoja na chakula, na uulize kama kuna ile inayoyeyuka polepole. Ukiitumia miaka mingi inapunguza vitamini B12 mwilini, basi omba upimwe.

Ninazoziogopa zaidi mezani hapo ni diklofenaki na ibuprofeni za magoti. Kwa mtu wa umri wako zinaweza kutoboa tumbo na kutokwa damu bila maumivu yoyote ya kuonya. Muulize daktari kuhusu parasetamoli, dawa ya kupaka na mazoezi ya magoti. Hata hivyo usiache dawa ya presha wala ya sukari kwa uamuzi wako. Beba mkoba wote hadi kliniki na uulize moja baada ya nyingine: hii ni ya nini, na bado naihitaji?

Maziwa lala yanasaidia tumbo au ni hadithi? – Babu, Rongai

Yanasaidia, Babu. Watu wazima wengi hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa mabichi, ndiyo sababu tumbo huvurugika. Jamii nyingi za wafugaji ndizo hubaki na uwezo huo hadi uzeeni. Maziwa yakilala, bakteria wanakula sehemu ya sukari hiyo kabla yako. Mala na mursik ni vyema, mradi maziwa yalichemshwa kwanza na chombo ni safi. Chagua yasiyotiwa sukari. Vidonge vya bakteria vya bei ghali sioni haja yake kwako.

Kiungulia kimenisumbua miaka mitatu. Nanunua omeprazoli dukani kila ikiisha. – Fundi, Kawangware

Miaka mitatu bila kupimwa ni mingi, Fundi. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria H. pylori, na bakteria anatibika kwa antibiotiki. Mwambie daktari akupime kwa kinyesi au kwa pumzi. Omeprazoli isimamishwe wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo matokeo yanaweza kudanganya, lakini simamisha kwa ushauri wake. Chai yako nayo ipoe kidogo: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya umio. Chakula kikianza kukwama kooni, usisubiri hata wiki.

Mama yangu ana miaka 68. Anaona damu chooni kwa miezi miwili na amepungua uzito. Asema ni bawasiri tu. – Binti yake, Kahawa West

Mpeleke wiki hii, dada. Bawasiri hutoa damu, ni kweli, lakini bawasiri haimkondeshi mtu. Damu, kukonda, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, choo cheusi kama lami wakati hamezi tembe za chuma, kuishiwa damu bila sababu: lolote kati ya haya kwa mtu wa umri wake lataka achunguzwe utumbo mpana kwa kamera. Kipimo hiki kinafanywa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali nyingine kubwa jijini. Siku moja kabla atapewa dawa ya kuharisha chini ya maelekezo, na hiyo ni tofauti na chupa ya matatu. Saratani ya utumbo mpana ikipatikana mapema, upasuaji unaweza kuiondoa kabisa.

Ataona haya. Wazazi wetu wengi hawawezi kumwelezea daktari kijana habari za choo chao, kwa hiyo ingia naye chumbani akikubali, au umwandikie kwenye karatasi: damu ilianza lini, ni nyekundu au nyeusi, imechanganyika na choo au inadondoka juu yake, nguo zimelegea kwa kiasi gani, na nani katika ukoo aliwahi kuugua saratani ya tumbo au utumbo. Akigunduliwa nayo, wewe na ndugu zako nanyi mtahitaji kupimwa mkifika miaka 40, msingoje dalili.