Kabla hujalikataa jina la bibi, uliza lilikotoka

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Likoni. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na ameshaambiwa ni msichana. "Dada," aliniandikia, "mavyaa ameng'ang'ania mtoto aitwe Mwatabu, jina la mamake. Mimi sitaki mwanangu aanze maisha na tabu. Nisaidie jina zuri, lenye maana nzuri, la kisasa." Akaniambatishia orodha aliyoitoa kwenye intaneti, majina thelathini na sita, kila moja na maana yake pembeni: malkia, nyota, ua, ushindi.

Hakujua anamwandikia nani. Hapa natumia jina la ukoo. Jina langu lenyewe, nililopewa siku ya saba nikinyolewa nywele na mbuzi wa akika akichinjwa, linakaribiana sana na hilo analolikimbia. Mimi naitwa Tabu.

Sikumjibu kwa siku tatu. Nilianza kumwandikia mara nne nikafuta, kwa sababu kila nikianza nilijikuta namgombeza, na yeye hana kosa. Yale anayoyafikiria leo niliyafikiria mimi kwa miaka kumi na minne.

Nimezaliwa Kisauni mwaka 1981. Nikiwa darasa la nne tulikuwa na mwalimu ambaye kila asubuhi, akifika kwenye jina langu katika rejista, alikuwa akinyamaza kidogo, anashusha miwani, halafu anasema, "Haya, tabu imefika." Darasa zima likiangua kicheko. Alifanya hivyo mwaka mzima. Nimewasamehe watu mengi maishani, lakini hili bado, na sioni haya kuliandika. Dawati langu tulikaa watatu: mimi, Salma na Zuhura. Salma ana salama ndani ya jina lake. Zuhura ana ile sayari inayong'aa kabla ya jua kuchomoza. Mimi nikajiona wenzangu wamepewa majina, mimi nimepewa msiba.

Kwa hivyo mwaka 2001 nilipopata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nikaulizwa beji iandikwe nani, sikusita. Nikasema Nadia.

Nililipenda kwa mlio wake tu. Baadaye mgeni kutoka Urusi akanieleza kwamba kwao Nadia ni kifupi cha Nadezhda, yaani tumaini. Nikafurahi kupita kiasi. Kutoka Tabu hadi Tumaini! Nyumbani nikawakataza watu wote wasiniite lile la zamani. Kaka zangu wakakubali, shangazi wakakubali, hata mama muuza mahamri wa pale kwetu akakubali. Aliyekataa ni mamangu peke yake. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniita jina. Nikawa "mwanangu", nikawa "wewe", nikawa "njoo hapa". Miaka kumi na minne mamangu hakunitamka.

Mwaka 2015 nikaamua kumaliza kabisa. Wakati huo nilikuwa na jina moja kwenye beji na jingine kwenye kitambulisho, na benki walikuwa wameshanisumbua mara mbili. Nikaenda kwa wakili kuandikiwa hati ya kubadili jina, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, nikalipa nusu ya pesa. Nikampelekea mama zile karatasi azione. Alizisoma zote, polepole, akazikunja, akaniambia, "Nenda Jomvu ukamuulize bibi yako."

Bibi alikuwa hawezi kutoka nje siku zile. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na leso yake begani, nikamweleza. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Kabla yako walikuwa wawili. Wa kwanza Juma, kazaliwa Ijumaa, akakaa siku tisa. Wa pili Mwanaidi, kazaliwa sikukuu, hakufika arubaini. Ulipokuja wewe, mamako aligeukia ukutani, hakutaka kukutazama. Mimi ndiye niliyekushika. Nikasema huyu aitwe Tabu, ili mauti yakipita mlangoni yakalisikia hilo jina, yaone hapa hapana cha kuchukua. Nikamwambia mamako: akikua, akitaka alibadilishe. Kwanza akue." Halafu akanitazama, akasema, "Si umeshakua? Kabadilishe."

Nilirudi kwa wakili kuchukua faili langu. Pesa hazikurudi.

Kuna jambo sikulifahamu mpaka niliporudi nyumbani jioni ile, na nikilikumbuka bado linaniuma. Kisauni nzima mamangu alikuwa Mama Tabu. Mwanamke aliyezika wawili, siku alipoitwa Mama Tabu kwa mara ya kwanza, ndiyo siku mtaa ulipokiri kwamba ana mtoto aliye hai. Jina lile halikuwa langu pekee. Wagiriama wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu: Mekatilili wa Menza, yule aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza mwaka 1913, kwao alizaliwa akaitwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Historia nzima inamjua kwa jina la mwanawe. Nami nikamnyang'anya mamangu lake kwa ajili ya beji ya hoteli.

Alifariki mwaka 2016. Miezi ile ya mwisho aliniita Tabu kutwa kucha, hata pasipokuwa na haja ya kuniita.

Tangu hapo pasipoti nikazisoma kwa jicho jingine. Mtu wa mapokezi anashika majina ya dunia nzima, na ukimuuliza mgeni kwa adabu jina lake lina maana gani, karibu kila mtu anafurahi kukueleza. Mzee mmoja kutoka Uturuki aliitwa Dursun. Akaniambia maana yake ni "na abaki", jina la mtoto ambaye waliomtangulia hawakubaki. Nilishika ile pasipoti nikashindwa kuongea. Nikaanza kuwatafuta wenzangu. Wayoruba wa Nigeria wana Malomo, "usiende tena", na Kokumo, "hafi tena". Ghana, Waakani wana Donkor, yaani mtumwa: mzazi aliyezika wengi anamwita mwanawe mtumwa ili mauti yasidhani kwamba ni mtoto wa thamani. Vijijini Uchina watoto wamelelewa wakiitwa Goudan, jina la kudharaulisha lenye mbwa ndani yake, kwa sababu hiyohiyo. Na hapa kwetu Kenya, ukikutana na Ojwang' au Ajwang', muulize mzee wa Kijaluo habari za jina hilo, lakini muulize kwa upole.

Bibi yangu hakupata kusoma. Hakufika Istanbul wala Kumasi. Lakini usiku ule alifanya walilofanya mabibi wa kote huko, na lile lililofanya nichekwe darasani ni neno la mwanamke anayesimama mlangoni kumzuilia mtoto.

Basi nikarudi kwenye orodha ya msomaji wangu. Malkia, nyota, ua, ushindi. Dada, hebu niambie, Khadija maana yake nini? Mke wa kwanza wa Mtume, jina lililojaa Mombasa yote, asili yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Fatuma je? Asili yake ni kuachishwa ziwa. Hakuna malkia hapo wala nyota. Majina haya yametukuka kwa sababu ya walioyabeba. Na Aisha, ambaye hapa tumemfanya Asha, Esha, Mwanaisha na Mwanasha, maana yake ni aliye hai, neno lile lile lililotupa kuishi na maisha. Yahya naye ana uhai ndani yake, lile neno letu "hai". Ukiyafikiria sana, hayo mawili hayako mbali na Dursun, na hayako mbali na mimi.

Ushauri wangu ni huu: uliza. Uliza mwenye lugha yake, usiiulize orodha.

Nina mfano wa hapahapa. Barabara ya Biashara nina rafiki Mhindi anayeuza vitambaa, naye anaitwa Asha. Kwa miaka nilidhani ni Asha wetu. Siku moja tukiwa tunapima kitambaa nikamuuliza, akaniambia kwao āshā ni tumaini, neno la Kisanskriti, halihusiani na Aisha kabisa. Majina mawili, njia mbili tofauti, yakakutana duka moja Mombasa. Hata Nadia wangu yuko hivyo. Alinieleza ustadhi mmoja kwamba kwa Kiarabu lina asili nyingine kabisa, la umande na ukarimu. Kwa hivyo nilipojisifu kwamba mimi ni Tumaini, Warusi walikuwa sahihi, Waarabu pia walikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa sijui ninachokisema. Na hizo orodha zinakuletea "jina la Kiswahili Zuri". Mimi tangu nizaliwe sijakutana na bibi wa Mji wa Kale aitwaye Zuri. Najua Wamarekani weusi wameyapenda maneno yetu, hasa tangu sikukuu yao ya Kwanzaa ilipoanzishwa mwaka 1966 na misingi yake saba yenye majina ya Kiswahili. Huko Imani ni jina la binti, na nafurahi. Lakini ni kwa njia yao na historia yao. Usilichukue jina likiwa limeshazunguka bahari likakurudia, ukadhani hivyo ndivyo mamako angelikuita.

Uliza pia jina lilizaliwa siku gani. Majina mengi ya watu ni kumbukumbu ya tukio tu, si sifa. Shangazi yangu Chausiku na mwenzangu wa kazini Atieno wote wamezaliwa usiku, mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kijaluo. Kaka yangu niliyemkosa, Juma, angezaliwa Ghana angeitwa Kofi, kwa sababu Waakani humpa mtoto jina la siku. Yule Kofi Annan aliyekuja kutupatanisha mwaka 2008 alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, na jina lake la kati, Atta, ni pacha. Pacha mwenzake alikuwa Efua, msichana wa Ijumaa. Huku kwetu wangekuwa Juma na Mwanajuma. Siku ile nilipolielewa hilo nilimlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza.

Kwa mambo ya karatasi sina mengi. Mwandikishe mtoto ndani ya miezi sita kama sheria inavyotaka, na herufi ziwe sawasawa kwenye cheti, kliniki na madrasa. Jina lililoandikwa vibaya litakuchosha kuliko jina la zamani.

Lakini nyinyi wazazi wenzangu, tuambiane ukweli. Kwa nini tunayaonea haya majina ya mabibi zetu? Mimi nimekulia karibu na Kengeleni, palipo na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Watu wale walibatizwa wakapewa majina ya Kiingereza. Mmoja wao, aliyehudumu Rabai, aliitwa William Jones, na alitekwa akiwa mtoto mdogo wa Kiyao. Mamake hakumwita William. Wale walipokonywa. Sisi tunatupa wenyewe, tumekaa sebuleni, kwa kidole kwenye simu. Na nyinyi walimu, jina la mtoto kwenye rejista si mahali pa kuchezea. Hamjui ni nani aliyesimama mlangoni usiku ule. Liite kama lilivyoandikwa, upite kwa linalofuata.

Simlazimishi mtu. Bibi mwenyewe aliniruhusu nibadilishe. Ninachokataa ni mtu kulikataa jina kabla ya kuuliza.

Nilipomjibu dada wa Likoni hatimaye, sikumchagulia jina hata moja. Nilimwomba aende kwa mavyaa wake, amuulize Mwatabu wa kwanza alipataje jina, na arekodi.

Juzi usiku alinitumia sauti, dakika sita. Mavyaa anaongea Kidigo akichanganya Kiswahili, na nyuma yake kuna kuku na redio. Anasema mamake alizaliwa njiani, mwaka wa njaa, mama mtu akitoka Kwale kwa miguu. Uchungu ulimshika chini ya mwembe. Alipita mwanamke wasiyemjua, akatua mzigo wake, akamzalisha, akakata kitovu, akampa lile kaniki alilojifunga, akaendelea na safari yake.

Halafu nasikia sauti ya msomaji wangu, iko karibu na simu: "Mama, na yule mwanamke aliitwa nani?"

Mavyaa ananyamaza. Kisha anasema hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, na anamwita mtu uani aje kusaidia kukumbuka.