Kabla ya Bikoni: Chora Maji Kwanza, Nyumba Baadaye

Mjumbe wa kamati ya urasimishaji, yaani kupima na kupatia hati makazi yaliyojengwa bila mpango, katika mtaa mmoja wa kilimani upande wa Kitangiri, jijini Mwanza, ameandika kuuliza: wapimaji wako njiani, je, tuache njia za upana gani ili watu wapate hati zao bila kubomolewa? Ni swali la maana, ila limeanzia mwisho. Upana wa njia ni hesabu fupi. Kinachoziponza kamati nyingi ni kuingia kikaoni na orodha ya viwanja na majina ya wenyewe, halafu njia, mtaro, ngazi na bomba vitafutiwe nafasi kwenye mabaki. Bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zikishazikwa, mabaki hayapo.

Vitu vinavyoupa mji umbo lake ni vichache: ardhi na mteremko wake, maji, njia, maeneo ya wazi, majengo na miti. Kwenye mji tambarare unaweza kuvipanga kwa mfuatano wowote, ukakosea kidogo na maisha yakaendelea. Mwanza imekaa juu ya mawe. Hapa mfuatano ni mmoja: maji, njia, uwazi, ndipo nyumba. Kamati isiyoukubali itapangiwa na masika.

Kabla ya hayo yote pimeni mteremko, na hamhitaji kumsubiri mpimaji. Chukueni mpira wa maji wa mafundi, ule mwembamba unaoonekana ndani, na mbao mbili za mita 2 zilizoandikwa sentimita. Watu wawili wasimame mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, utepe ukiwa umevutwa usawa wa maji, usilazwe juu ya ardhi. Maji yakitulia, tofauti ya kimo baina ya mbao mbili ndiyo jibu: mita 1 ni asilimia 10, mita 1.5 ni asilimia 15. Kosa la kila siku ni kuacha povu la hewa ndani ya mpira; namba zinatoka za uongo na hakuna anayejua. Kagueni mpira wote kwa macho kabla ya kusoma.

Chini ya asilimia 10, gari linapita vizuri. Kati ya 10 na 15, barabara inawezekana kwa kipande kifupi, lakini iwe ya zege iliyochanwa mistari ya kukingama. Moramu, udongo wa changarawe wa barabarani, kwenye mteremko huo inaondoka na msimu mmoja wa mvua na kuhamia kwenye mtaro wa jirani wa chini. Ukipita 15, acheni ndoto ya gari, jengeni ngazi. Na ukipita 30, penye majabali, msigawe kiwanja kipya hata kama mwenye eneo analia. Pabaki pa miti.

Majabali nayo yasomwe. Mengi ya mawe yetu makubwa hayakuota ardhini, yamekaa juu ya mawe mengine, kama Jiwe la Bismarck linavyoonekana pale majini karibu na kivuko cha Kamanga. Udongo uliokuwa kati yao umeoshwa kidogo kidogo na mvua. Inameni muangalie upande wa chini wa jabali: mkiona mchanga wa chenga umechimbika na jiwe dogo la kabari limebaki peke yake, hilo dogo ndilo linaloshikilia kubwa. Ndilo pia ambalo mponda kokoto analipenda, kwa sababu anaweza kulichoma kwa kuni au matairi na kulipasua kwa nyundo. Kamati iyapige rangi mawe ya namna hiyo na kuyaandika kwenye mchoro kwamba hayaguswi. Mtaro wa maji usipitishwe nyuma yake kamwe.

Sasa maji. Hapa ndipo tutakaa, maana hapa ndipo mitaa inapofeli.

Chukueni hekta moja ya kilima, yaani mita za mraba 10,000, iliyojaa mabati na mawe. Mvua kubwa ya milimita 60 kwa saa ikinyesha, na tuseme asilimia 80 yake inatiririka. Ni mita za ujazo 480 kwa saa, sawa na lita 133 kila sekunde. Hekta hiyohiyo ikiwa na majani, miti na udongo unaonyonya, asilimia 30 tu ndiyo inayotiririka: lita 50 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo mafuriko ya mtu wa bondeni.

Mtaro wa mawe na saruji wenye upana wa sentimita 40 na kina cha 40, ukiwa na mteremko wa asilimia 1, unabeba kama lita 160 kwa sekunde ukijaa hadi mdomoni. Kwa hiyo hekta moja ya mabati inaumaliza karibu wote. Weka sentimita 15 za mchanga na chupa za plastiki chini yake, uwezo unashuka hadi kama lita 90. Maji yanayozidi, zaidi ya lita 40 kila sekunde, yanapita juu ya njia na kuingia vyumbani. Ndiyo maana mtaro uliojengwa "kwa vipimo" unafurika, na watu wanamlaumu mkandarasi wakati pengine kilichokosekana ni koleo.

Mchanga hautui popote tu. Unatua pale mteremko unapolegea ghafla, yaani mguuni mwa kilima, kwa sababu maji yanapoteza kasi na hayawezi tena kuubeba. Bonde la Mirongo, kuanzia Mabatini kushuka hadi katikati ya mji, linapokea mchanga huo kutoka kila upande. Dawa yake ni shimo la kunasa mchanga pale kilima kinapoishia: urefu mita 1.5, upana mita 1, kina mita 1, lenye mfuniko wa nondo anaoweza kuufungua mtu mmoja. Lichotwe Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika, na baada ya kila mvua kubwa. Mfuniko wa zege unaohitaji watu wanne haufunguliwi. Huo ni mfuniko wa picha ya uzinduzi.

Kwenye mteremko mkali, mtaro usiteremke kama slaidi. Ujengwe kwa vidato, kila kidato sentimita 20 hadi 30, ili maji yapigane na zege badala ya kulichimba. Mtaro laini wa asilimia 20 unafikisha maji chini yakiwa na kasi ya kubomoa kalavati. Njia ya mtaro nayo ifuate mkondo wa asili. Subirini mvua moja, mpite na chokaa mara tu inapokatika, mchore pale maji yalipopita. Mstari huo wa chokaa uingie kwenye mchoro kabla ya kiwanja chochote.

Maji ya paa yapunguzwe hukohuko juu. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 30 linatoa lita 3,000, na ukitoa upotevu unabaki na 2,500 hivi. Tangi la lita 2,000 linajaa kwa mvua hiyo moja. Nyumba hamsini zenye matangi zimezuia lita 100,000 zisishuke kwa pamoja, mradi matangi yawe matupu mvua inapoanza, jambo ambalo si la uhakika katikati ya masika. Kwa hiyo tangi haliondoi haja ya mtaro.

Njia, basi. Kipimo kinachoeleweka na kila mzee kwenye kikao ni jeneza. Wabebaji wakiwa pande zote mbili, bega kwa bega, wanahitaji mita 2 hivi, na kwenye kona wanahitaji zaidi kwa sababu jeneza halikunjiki. Njia ya mita 1.2 yenye kona ya mraba inawalazimisha kulisimamisha, na hakuna familia inayotaka kuliona hilo. Ikateni pembe ya ndani ya kona, mita 1 kila upande, uzio uishie hapo. Njia inayopitisha jeneza inapitisha machela, kitanda, na friji.

Kwa hiyo njia ya miguu isipungue mita 2. Ya bajaji na guta, mita 3. Ya gari la zimamoto, mita 4 zisizo na kibanda, nguzo wala ngazi ya duka iliyotokeza, na isiwe zaidi ya mita 60 au hivi bila mahali pa kugeuzia. Wenye viwanja wataogopa, basi wapigieni hesabu mbele yao. Njia ya mita 1.2 ikitakiwa kufika mita 3, kila upande unatoa sentimita 90. Kiwanja chenye uso wa mita 15 kinapoteza mita za mraba 13.5. Kama kina mita za mraba 300, ni asilimia 4.5. Mtu anayekataa kutoa hiyo aelezwe kwamba kiwanja kisichofikika kwa bajaji kinauzwa kwa bei ya kisichofikika.

Ngazi ndizo barabara za kilimani na zinajengwa kwa dharau kupita kitu chochote mjini. Kimo cha kila ngazi kiwe sentimita 15, pa kukanyagia sentimita 32, na vimo vyote vilingane. Ngazi moja yenye sentimita 19 katikati ya zenye 15 ndiyo inayomwangusha mama mwenye ndoo kichwani, kwa sababu mguu umeshazoea kimo kile kingine. Kupanda mita 24 mnahitaji ngazi 160. Kila baada ya ngazi 12 wekeni pa kupumzikia penye urefu wa mita 1.2, pageuzwe kidogo pembeni ili mtu akiteleza asishuke hadi chini kabisa. Pembeni mwa ngazi mtaro wa vidato, upande wa pili mkono wa kushikilia wa bomba la chuma. Uso wa ngazi uinamie mbele kwa sentimita moja hivi, maji yasituame na kuotesha utelezi.

Chini ya njia hiyohiyo ndipo bomba la majitaka linapolala. Juu ya mwamba huwezi kuchimba choo cha shimo cha maana, na kinachojaa kinafunguliwa mvua ikinyesha, tusijifanye hatujui. Bomba la milimita 110 au 160 lenye mteremko usiopungua asilimia 1, na chemba (shimo la kukagulia bomba) kwenye kila kona na kila mita 25 hivi, linatosha kundi la nyumba za mlimani. Lakini linahitaji korido iliyonyooka. Bomba la maji safi lilazwe upande wa pili wa njia na juu zaidi ya la majitaka, ili moja likivuja lisiingie katika jingine.

Maeneo ya wazi hayahitaji hotuba ndefu. Mguuni mwa kila ngazi kuu pabaki mita za mraba 40 za bodaboda kumi, la sivyo watasimama juu ya mtaro. Penye jabali bapa pasijengwe. Watoto tayari wanapajua, na mama lishe atapajua kesho. Uwanja kamili wa mpira ni mita 105 kwa 68, hamtaupata mlimani bila kukata kilima, basi tafuteni wa 60 kwa 40 bondeni, mbali na mkondo.

Tukija kwenye nyumba, Mwanza ina mtego wake. Tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Kawaida ungegeuza madirisha kaskazini na kusini ukamaliza. Lakini sehemu kubwa ya mji ina ziwa upande wa magharibi, na upepo wa mchana unatoka ziwani. Upepo mnaoutaka na jua msilolitaka vinaingia kwa mlango mmoja. Kuziba ukuta wa magharibi ni kujipika taratibu. Wekeni dirisha, kisha kibaraza cha mita 1.5 mbele yake. Kitalikinga hadi saa kumi jioni hivi. Saa kumi na moja jua linapenya chini ya paa, na hapo kazi inabaki ya matofali ya matundu au mwarobaini uliopandwa mita 4 kutoka ukutani. Nyumba za safu ya mbele zisiunganishwe ukuta kwa ukuta, kwani zitawanyima upepo wote walio nyuma.

Mnapokata kilima kupata sakafu, ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita 1.2 uwe na unene wa sentimita 60 chini. Wekeni mabomba ya inchi 2 ya kutolea maji kila mita 1.5, na kokoto nyuma yake. Kuta hizi haziangushwi na udongo mkavu. Zinaangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Imebaki kingo ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na wengi wanaiona kama uonevu wa ofisini. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja. Kwenye ufukwe wenye mteremko wa asilimia 2, mita moja ya kupanda ni mita 50 za kuingia nchi kavu. Ukiona hivyo, mita 60 si nyingi. Katika ukanda huo pandeni miti na majani, anikeni dagaa, vuteni mitumbwi, na acheni vichochoro vya mita 4 vya kushukia mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, kila baada ya mita 100 hadi 150, viandikwe kwenye mchoro kuwa mali ya umma. Visipoandikwa, mwenye kiwanja cha mbele atajenga uzio hadi majini, na wavuvi watapita uani kwa watu.