Pikipiki inanitoa nje ya kona

SWALI: Kwenye mashindano yangu ya kwanza, kila nikivuta mafuta kutoka kwenye kona, pikipiki inanipeleka nje. Nimekaza springi za mbele, hali imezidi. Nifanyeje?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Umeinua mbele, kumbe tatizo liko nyuma: shokapu inazama mno, tairi la mbele linakuwa jepesi. Rudisha za mbele zilivyokuwa. Kisha panda ukiwa na mavazi yote ya mbio, mwenzako apime nyuma imezama kiasi gani. Milimita 30 hivi zinatosha. Mimi niliwahi kukuta 45, na tairi lilikuwa limechunika kama gome la mti. Ikizidi hapo, kaza springi ya nyuma kidogo, kimbia mizunguko mitano, andika ulichoona. Usiguse kingine kwanza! Upepo upime tairi likiwa bado la moto.