Maswali ya Wasomaji: Chipu Yenye Dirisha

Swali: Intel 4004 ilitoka mwaka 1971. Mbona TMS1000, iliyoanza kuuzwa 1974, ndiyo inayoitwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya kwanza?

Jibu: 4004 ni kichakato tu, yaani sehemu inayotekeleza maagizo. Programu ilikaa kwenye chipu nyingine, 4001, na data kwenye 4002. Gary Boone na Michael Cochran wa Texas Instruments waliviweka vyote ndani ya chipu moja: kichakato, ROM (kumbukumbu ya programu) ya baiti 1,024 na RAM (kumbukumbu ya data) ya biti 256. Ni kumbukumbu finyu mno, lakini ilitosha kuendesha kikokotoo. Shida yake ni kwamba programu iliwekwa kiwandani chipu ikitengenezwa. Ukigundua kosa baadaye, shehena nzima haina kazi.

Swali: Nina maikrokontrola ya zamani, Intel 8751, yenye dirisha la kioo mgongoni. Naweza kuifuta na kuiandika upya?

Jibu: Ndiyo, na dirisha liliwekwa kwa kazi hiyo. Tumia taa ya urujuanimno ya nanomita 254, chipu ikae sentimita 2.5 kutoka kwenye taa kwa dakika 20 hadi 30. Futa gundi yote ya lebo kwanza, maana hukinga mionzi na kuacha baiti chache bila kufutika. Taa usiitazame kwa macho. Kisha soma kumbukumbu: baiti zote 4,096 ziwe FF, yaani tupu. Ukishaandika, ziba dirisha kwa lebo isiyopitisha mwanga. Jua kali laweza kufuta programu kwa muda wa kama wiki moja. Taa za mirija za ofisini huchukua miaka.

Swali: Nimeandika, lakini chipu iko kimya.

Jibu: Anza na pini 31, EA, inayochagua programu ya ndani au ya nje. Iunganishe na volti 5. Ikiwa kwenye grandi (volti 0), chipu hutafuta programu nje na kuiacha yako. Pini 9, riseti, huwashwa kwa volti ya juu, kinyume na chipu nyingi; ikibaki juu, hakuna kitakachoanza. Bandari 0, mojawapo ya makundi ya pini za kuingiza na kutoa data, haina rezista za ndani za kuvuta pini juu kuelekea volti 5, hivyo weka za kilo-omu 10 kila pini unayoitumia.

Iwapo inafanya kazi ila herufi za siriali (zinazotumwa biti moja baada ya nyingine) zinatoka ovyo, tazama kristali inayoipa chipu mapigo yake. Kwa megahezi 11.0592 unapata kasi ya biti 9,600 kwa sekunde kamili. Kwa 12, mpangilio uleule hutoa takriban 10,417, kosa la zaidi ya asilimia 8.